Kandili ya Mzee Kondo

Kisarawe, Jumatano

Dada Mwanahawa, pokea salamu za mdogo wako mwenye shingo iliyokakamaa.

Jana usiku tulipiga picha nyota za Kilimia kwa darubini ya Bwana, mtaalamu wa nyota ninayemfanyia kazi. Kioo cha picha kilibaki kimoja, nacho hutaka giza saa nzima, nami jicho lisibanduke kwenye nyota. Mara mwenyeji wetu, Mzee Kondo, akatoka na kandili. Kwake ni aibu mgeni kuachwa gizani. Nikafoka, "Zima!" Hata shikamoo sikumpa. Akazima. Nikajua kesho tutafukuzwa.

Saa ilipotimia nikafunika kioo, nikageuka. Mzee alikuwa kaketi palepale gizani. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Marahaba, mwanangu. Njoo ule, mihogo imepoa."

Picha imetoka safi. Wabusu wanao. Baba usimwambie.

Omari