Mama, Ulijifunza Lini Kikamba?

Mama,

Nina swali. Ulijifunza lini Kikamba?

Tangu tukuzike nyumbani Vihiga nilikuwa na swali moja tu, nalo lilinila ndani kwa ndani: kwa nini nilikutoa shambani kwako nikakuleta hapa mjini, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, kwenye jengo lisilo na lifti? Moyo wako ulisimama kwenye ngazi hizo. Hakuna aliyenilaumu. Ni mimi niliyejiambia kila nilipopanda: hapa ndipo nilipomuua mama.

Jumamosi nilipanda juu kabisa, penye kamba za nguo, kuanika blanketi lako. Nikamkuta Mama Mwende, yule jirani wa ghorofa ya pili, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachambua mrenda, mboga yetu ya Vihiga. Mkamba, Mama! Mrenda! Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Si mamako? Kila siku alikuwa hapa. Mimi nilimpa Kikamba, yeye akanipa mboga."

Nikakaa chini. Akanisimulia mlivyokuwa mkicheka hadi watu wa jengo la pili wanachungulia madirishani. Kumbe hata ule ugomvi wa majirani juu ya kamba za nguo uliuamua wewe. Siku moja alikuuliza kwa nini usirudi nyumbani ukapumzike, ukamjibu, "Nirudi nizungumze na nani? Na kuku?"

Nilicheka, Mama. Kisha nikalia. Akaniacha nilie, halafu akaniambia jambo ulilomkataza kunifikishia: moyo ulianza kukusumbua ungali Vihiga, na daktari wa kule alikwambia.

"Alisema ukijua, utamfungia ndani kama yai."

Ningekufungia, kweli. Ulinijua.

Basi si ngazi? Sijui. Labda nazo zilichangia. Lakini ulizipanda ukijua, kwa miguu yako, kwa sababu huko juu kulikuwa na watu. Na mimi siku zote hizo nilidhani uko ndani unaningoja nitoke kazini!

Sasa yananijia mengine. Kwa nini yule mama muuza omena hunifungia samaki wengi kuliko nilioomba, kisha hugeuza uso? Ni wimbo gani mliokuwa mkiimba mkianua nguo, ambao Mama Mwende anakataa kuniimbia, eti mimi bado mtoto? Mimi, Mama, mwenye mvi!

Sikuandikii kukuomba msamaha. Nimeuomba sana, na nadhani hukujibu kwa sababu hukuona kosa. Nilitaka kuhama jengo hili. Sihami.

Nenda salama, Mama. Nakuahidi kila Jumamosi nitakaa na wenzako, niulize, nisikilize. Nilikupenda kwa woga. Sasa nataka kukujua.

Mwanao,
Ayuma