Fremu ya Sentimita Hamsini

Jumamosi. Mvua za vuli zimenyesha tangu alfajiri, na mimi nimeamka na moyo mzito.

Eda yangu ya talaka imekwisha wiki iliyopita. Nilijiapia kuwa kitu cha kwanza nitakachojichagulia mwenyewe ni baiskeli. Hii niliyonayo aliniagizia Nassor alipokuwa mume wangu, enzi zile tukienda pamoja Kidichi kila Jumapili. Aliagiza mbili, fremu sawasawa, yake na yangu.

Miaka sita mabega yananiuma na vidole vinakufa ganzi. Nikimwambia, ananijibu nitazoea.

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, naliandika hapa.

Siku nne hizi nimekuwa nikilinganisha fremu mbili. Moja ni ya mashindano: paipu ya juu ndefu, usukani uko chini, mtu analala juu yake kama anayetafuta shilingi barabarani. Ya pili ni ya safari ndefu: fupi kidogo, mbele imeinuka, mgongo unapumua. Zinapishana upana wa vidole viwili tu. Sikujua vidole viwili vina uzito gani, ndiyo maana leo nimekwenda Mwanakwerekwe kwa Mzee Khamis, fundi wa Nassor. Baiskeli yangu anaijua. Mimi hajawahi kuniona nikiwa juu yake.

Nilimwamkia, akaitikia, akanipima miguu, kiwiliwili na mikono. Kisha akaipima baiskeli. Akarudia kuipima.

"Fremu hii ni sentimita hamsini na sita," alisema. "Wewe wa hamsini. Umeiendesha vipi miaka yote hii, mwanangu?"

Nilijisugua mabega.

Hajui kama tumeachana. Kwa wema wake akanipoza kwa kuniambia kwamba mume wangu siku hizi amekuwa makini. Mwezi uliopita alimleta dada yake kununua baiskeli, akasimamia kila kipimo, akapiga simu mara mbili kuuliza kama siti haitamuumiza.

"Wifi yako ana bahati," alisema.

Nassor hana dada.

Niliposikia ameoa mke mwingine nililia siku moja, nikadhani yamekwisha. Leo nimelia njia nzima mpaka nyumbani Mbweni, na mvua imenisitiri. Kumbe kupima alikuwa anajua. Au alijifunzia kwenye mabega yangu?

Mzee Khamis sikumsahihisha. Nilimwambia aniagizie ile ya safari ndefu, hamsini. Akaandika, akaniuliza rangi.

Nilisimama pale kama mtoto aliyeulizwa jina akalisahau. Nyekundu ilikuwa rangi ya Nassor. Mapazia ya nyumbani aliyachagua mama yake. Nina miaka thelathini na minane, na sijui napenda rangi gani.

Nimemwomba anisubiri mpaka Jumatatu.

Nina siku mbili za kujiuliza.