Mshale Mmoja, Bawa Moja

Baba,

Mishale sita ya Musyoka, yule askari wa godauni, nimeimaliza jana. Najua unauliza mbona imechukua miezi minne, kazi ya siku mbili. Wacha nikueleze, na leo usinikatize.

Kwanza za nyumbani. Bado tuko Kayole, nyumba ile ile ya gorofa ya tatu. Mama ameanza kula vizuri, ingawa ugali bado anausonga kama uko hapa. Kiti chako cha dirishani ndicho ninachofanyia kazi sasa, kwa sababu ya mwanga. Wiki za kwanza nilikuwa nainuka kila nikisikia mtu akipanda ngazi. Yale manyoya ya korongo tuliyookota kule dampo la Dandora, watu wakitucheka, yamo kwenye mkebe wa biskuti. Mama anasema yananuka. Hayanuki, niliyaosha kwa sabuni mara mbili.

Ulinifundisha kila kitu, Baba, isipokuwa kufunga manyoya. Nilikwangua fito, nikazinyoosha kwa moto, nikazichonga tako la kushika uzi wa upinde, halafu unaninyang'anya. Unyoya wa kuku uliutupa kando: "Huu ukipata umande unalala kama mlevi." Wa kanga ulisema ni mfupi mno. Wa korongo uliupitisha kati ya midomo polepole, macho umefumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Uwindaji serikali iliukataza kabla sijazaliwa, na wateja wetu ni maaskari wa magodauni ya Industrial Area, watu wanaotaka tu kutisha wezi. Lakini wewe kila mshale uliutengeneza kana kwamba kuna swala amesimama pale kwenye kamba ya nguo. "Mnyama hakungoji utoe mshale wa pili, mwaitu." Ndivyo ulivyoniita, mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako.

Basi kifua kilipokuzidi ukalazwa, nikasema sasa ni zamu yangu. Nikachagua manyoya matatu mazuri, nikayafunga kwenye mshale mmoja wa Musyoka, nikauviringisha ndani ya leso ili askari wa getini asiuone, nikakuletea wodini pamoja na uji. Aki nilijivuna siku hiyo!

Ulipitisha kidole juu ya manyoya. Dakika haikuisha. "Umechanganya mabawa. Mawili ya bawa la kushoto, huu mmoja wa la kulia. Mmoja unavuta huku, wenzake wanavuta kule. Huu hauui hata panya." Ukasema kwa sauti, Baba. Wodi nzima ikacheka. Yule mzee wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, nimesimama pale na leso mkononi kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Nikakwambia, "Basi tengeneza mwenyewe." Nikauchukua mshale nikaenda zangu. Uji sikukumiminia hata kikombe kimoja.

Hasira hasara. Nilipanga kukununia siku tatu. Ulikufa ya pili.

Mama ndiye aliyekuwa nawe. Anasema asubuhi hiyo uliuliza, "Mwaitu hajaja?" naye akakwambia nina kazi nyingi. Alinificha hayo mpaka tulipotoka mazishini. Tulikuwa tunaosha sufuria za wageni. Niliendelea kusugua sufuria moja ambayo ilikuwa imeshatakata zamani.

Kabla hatujakusafirisha kwenda kukuzika Kibwezi niliyang'oa yale manyoya ya ule mshale. Nikamwaga mkebe wote kitandani, nikachagua matatu ya bawa la kushoto, kila mmoja nikiupitisha mdomoni kama wewe, nikayafunga upya. Baba mdogo alinuna, ati mshale ndani ya jeneza la Mkristo ni mambo gani. Nikamwambia huo ni wa kazi, hata seremala angewekewa nyundo. Pasta akatazama pembeni, Mungu ambariki. Niliuweka karibu na mkono wako wa kulia.

Baada ya hapo mishale ya Musyoka nilishindwa kuigusa. Wiki jana alikuja mwenyewe. Hakulalamika. Alikunywa chai, akasema hajui fundi mwingine. Nikaona haya, nikachonga mmoja badala ya ule uliokwenda nao, nikaanza. Yote sita nimeipiga kwenye gunia la mchanga kule uwanjani nyuma ya shule. Wa tano uliyumba kidogo, nikaubandua manyoya nikaanza upya. Hakukuwa na mtu wa kunicheka. Ningependa angekuwepo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hakuna mshale utakaotoka mkononi mwangu na manyoya ya mabawa mawili. Na Mama akinigombeza nitakaa nimsikilize mpaka amalize, hata kama hana haki, na wajua mara nyingi hana.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla jeneza halijafungwa nilikawia pale, watu wakadhani nimeishiwa nguvu, shangazi akaja kunishika mkono. Sikuwa nimeishiwa nguvu. Nilikuwa nangoja kidole chako kipite juu ya yale manyoya. Ungenikaripia tena, Baba, mbele ya kanisa zima, wakacheka wote, nisingeondoka.

Mwanao,
Kalondu