Panya wa Latifah, Madume na Majike

Koboko, West Nile,
11 Juni 2024.

Mpendwa kaka Isa,

Assalaam alaykum. Kifua chako kinaendeleaje huko Kibera, na shemeji Halima hajambo? Sisi wazima, ni magoti yangu tu yanayonigombeza nikisujudu. Mvua imenyesha na muhogo wetu wa Kuluba umeshika.

Unawakumbuka wale panya wa jangwani wawili, wenye manyoya mpaka mkiani, ambao Wazungu waliohama Arua walimwachia mjukuu wangu Latifah? Tangu mama yake aende kazini Uarabuni, hao ndio anaozungumza nao. Sisi, babu na haboba yake, tunaambulia salamu.

Basi wamezaa, wakazaa tena. Mume wangu Ramathan ameapa kwamba wakizaa mara nyingine atawamwaga wote shambani Kuluba, na kule vipanga hawalali njaa. Unamjua, akisema amesema. Kwa hiyo lazima nitenge madume na majike, nami dume silijui, jike silijui.

Anayejua ni mkwe wangu Kabiru, daktari wa mifugo. Ijumaa alimleta mkewe, binti yangu Zamzam, atutembelee. Lakini kaka, mimi ni mama mkwe. Hata kula mbele yake sili, nitamwinulia mnyama mkia nimwonyeshe? Nilijifunika shela, tukazungumzia mvua mpaka akaaga.

Nikajifunga kibwebwe mwenyewe. Niliwageuza mmoja mmoja, nikaona wakubwa wana doa lisilo na manyoya katikati ya tumbo, wadogo hawana. Nikasema hiyo ndiyo alama ya udume. Wenye doa debe hili, wasio na doa debe lile. Nikajipongeza, Mungu anisamehe.

Jumapili Kabiru alikuja kumchukua mkewe. Alitazama madebe, akainamisha macho. "Mama, iko muzuri tu," akasema. Zamzam ameniandikia ujumbe: kumbe njiani mumewe alimwambia kwamba doa hilo wote wanalo wakikua, na kwamba baba na mama nimewaweka debe moja. Alama ya kweli iko chini ya mkia. Zamzam alipomwuliza ikoje, alikataa kueleza, maana maneno hayo yangenifikia mimi.

Kaka, wewe ni mwanamume na ni mkubwa wa Kabiru. Mwulize vizuri, kisha uniandikie. Usinipigie, simu yangu siku hizi haisikiki ila kwa spika, na nyumba nzima inasikia. Nimechoka na sijui nishike lipi.

Leo asubuhi Latifah alimleta mmoja wa wale wakubwa, babu yake ameketi palepale.

"Haboba, huyu iko mwanaume, sindiyo?"

Macho yake yalikuwa yananiomba. Nikamjibu, "Iko mwanaume."

Ramathan akamshukuru Mungu, akarudi kwenye chai yake. Mtoto akalifunika tumbo la panya lililotuna kwa kiganja, akatoka naye. Kaka, huyo mwanaume atazaa wiki hii.

Nisalimie shemeji Halima na mwanao Swaka. Mungu akuongezee afya, na sisi huku atusitiri.

Wako akupendaye, aliyeishiwa maarifa,
Mdogo wako Aminah.