Hojaji Yangu na Zamu ya Chai ya Mama

Jumamosi, jioni.

Mvua ya mawe imepiga vilima vya ng'ambo, huku kwetu ikatunyunyizia kidogo na kwenda zake. Nimekaa jikoni kwa Kogo, nyanya yangu mzaa baba, mahali penye joto kuliko kote nyumbani. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Mgongo unauma. Nina furaha, na naandika upesi nisije nikasahau lolote.

Asubuhi sikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa nimemharibia Mama kila kitu.

Yote yalianza na Madam Nyambura, mwalimu wetu wa Biashara. Wiki mbili zilizopita alitusomea kutoka kitabuni habari za mtu ambaye nadharia ya uchumi humtegemea sana. Mtu huyo anajua anachotaka, anapima kila jambo, kisha anachagua lenye faida kubwa kwake. Madam alifunga kitabu, akauliza, "Mtu huyu mnamjua? Anaishi kwenu?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema wako wataalamu wanaousoma uchumi pamoja na historia, mila na hata saikolojia, kwa sababu uchumi ni habari za watu, na watu hawaeleweki kwa somo moja. Akatupa kazi: kila mmoja aende nyumbani akamtafute mtu huyo, halafu alete ripoti. Jumatatu tunasimama mbele ya walimu watatu, na mmoja wetu atachaguliwa kwenda kongamano la wanafunzi mjini Kericho.

Nakiri hapa, kwa sababu nimezoea kuandika ukweli kwenye blogu hii hata kama wasomaji ni wachache: nilitamani sana kuchaguliwa. Nilitamani hadi nikaacha kufikiri.

Mimi nilikuwa na mfano tayari. Mama yumo katika kikundi cha wanawake tisa. Kila Jumatano na Jumamosi wanachuna chai pamoja katika shamba la mmoja wao, kwa zamu. Mwenye shamba anapika. Hakuna anayelipwa. Nikajiambia, hawa lazima kila mmoja anapima faida yake kimya kimya, na mimi ndimi nitakayeonyesha jinsi wanavyopima.

Nikaandika hojaji ya maswali kumi. Nilitumia rula. La nne liliuliza: "Umechuna kwa Mama Cherotich siku ngapi, na yeye amechuna kwako siku ngapi?" Mama Cherotich ni mama yangu. La saba liliuliza kama yuko mwanachama anayefaidika kuliko wenzake. Niliona ni maswali ya kisomi kabisa.

Jumanne na Alhamisi jioni nilizunguka nyumba zote nane. Walinipokea vizuri mno. Mama Faith, ambaye ndiye kiongozi wao, alinipa chai na viazi vya kuchemsha, akajibu maswali yote kumi, kisha akaniuliza moja tu.

"Mama yako anajua umekuja?"

Nikasema ndiyo. Na ilikuwa kweli, Mama alijua nina kazi ya shule. Maswali yenyewe hakuyajua.

Kwa swali la nne wanawake wote wanane walinipa jibu lile lile: "Tuko sawa." Nilifurahi sana. Nilidhani nimegundua kitu kikubwa, kikundi ambamo hesabu zimelingana kwa kila mtu.

Leo ilikuwa zamu ya shamba letu. Mama alianguka mwezi uliopita akishuka na kikapu kwenye mteremko wenye matope, na bega lake la kulia bado halijapona. Hospitalini walimkataza kubeba mzigo au kuunyanyua mkono huo. Baba yuko kazini Londiani na huja mwisho wa mwezi. Chai yetu ilikuwa imefika siku zake. Wiki moja zaidi na majani yangekomaa, na karani wa kituo cha kupokelea chai huwa anayakataa yaliyokomaa. Bila kikundi, ni mimi na mkono mmoja wa Mama.

Kufikia saa kumi na mbili asubuhi githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa motoni. Kwa kawaida wanawake hufika umande ukiwa bado majanini, wamejifunga kiunoni nailoni za kuzuia maji, na kicheko chao hutangulia kutoka barabarani.

Saa mbili ikafika, na barabarani hakuna mtu.

Saa mbili na nusu Mama alitaka kumpigia simu Mama Faith. Kogo akamzuia. "Weka hiyo simu. Ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa itakuwa kesi." Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu Kogo anajua sura ya mtu mwenye hatia.

"Cherotich. Wiki hii ulikuwa unaenda wapi na karatasi?"

Nikamwambia.

"Ukamuuliza Mama Faith amechuna kwetu siku ngapi?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na ukaandika?"

"Ndiyo."

"Kwa kalamu?"

"Ndiyo, Kogo."

Aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Kogo alipopata pumzi akasema, "Basi mama yako ametoka kwenye kikundi, na ni wewe umemtoa."

Akanieleza jambo ambalo wanawake wote wa huku wanalijua na mimi, kwa kusoma kwangu kote, sikulijua. Mtu akitaka kuacha kikundi hasemi. Kusema ni kama kuwatukana wenzake. Anachofanya ni kumtuma mtoto nyumba kwa nyumba, aulize nani amefanya kwa nani siku ngapi. Mwenye siku za kurudisha anazirudisha, wote wanakuwa sawa, na wanaachana kwa amani. Hakuna anayemuuliza sababu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

"Sasa walisema nini?" Kogo akauliza. "Tuna siku ngapi za kuwarudishia?"

"Hakuna. Wote wamesema tuko sawa."

Hapo ndipo Mama alipokaa juu ya kikapu kilichofudikizwa.

"Lakini hatuko sawa," alisema polepole. "Sijachuna kwa mtu tangu nianguke. Mwezi mzima. Wao wamekuja hapa, mimi sijaenda kwao hata mara moja."

Nilielewa kabla hajamaliza, na nikatamani ardhi inimeze. Wanawake wanane, kila mmoja nyumbani kwake, bila kushauriana, waliulizwa na msichana mwenye kalamu kama wanadai chochote. Walikuwa wanadai. Wakasema hawadai, ili mwenzao mwenye bega bovu aondoke bila mzigo.

Na mimi nilikuwa nimeyachora majibu yao kwenye jedwali.

Nikasema nitakimbia niwaombe msamaha. Kogo akatikisa kichwa. "Ukiomba msamaha watakuambia hakuna kosa, na itaishia hapo. Nenda ukaazime kitu. Kitu kikubwa."

"Kitu gani?"

"Sufuria ya Mama Faith, ile kubwa ya kupikia harusi. Mtu anayeondoka haazimi."

Nilikimbia. Nilimkuta Mama Faith akianika nguo, na sikuona nailoni popote.

"Chamgei, Mama Faith."

"Chamgei mising. Leo umeacha kalamu nyumbani?"

"Nimetumwa sufuria. Ile kubwa."

"Kubwa ya nini? Kwenu si mko watatu?"

"Tunapikia watu wa kuchuna chai."

"Watu gani hao?" Alikuwa anakung'uta shati, hanitazami. "Mama yako ameandika vibarua?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yakapotea. "Maswali yalikuwa yangu, Mama Faith. Mama hakunituma. Yalikuwa ya shule. Sikujua yana maana nyingine, na sasa amekaa juu ya kikapu na hana mtu."

Aliacha kukung'uta shati.

"Ya shule? Shule inataka kujua nimechuna kwa nani?"

"Inataka kujua kwa nini watu wanasaidiana. Nilidhani ni kwa sababu mnahesabu. Halafu mkasema tuko sawa, na hatuko sawa. Mama hajawachunia mwezi mzima, yaani siku zenu ni..."

"Ai! Ai! Mnamsikia?" Hakukuwa na mtu wa kumsikia, alikuwa anaiambia kamba ya nguo. "Ameanza tena kuhesabu!" Kisha akacheka, kicheko kile cha barabarani, akaenda kwenye ua akampazia sauti mwenzake wa kikundi upande wa pili: "Mama Brian! Wacha hiyo kazi ufunge nailoni! Na uwaambie wa huko juu! Mama Cherotich hajaenda popote, ni karani amekosea!"

Kufikia saa nne walikuwa wote shambani. Wote wanane.

Sijawahi kutaniwa namna hii maishani. Jina langu sasa ni Karani, na nadhani nitazeeka nalo. Nilichuna katikati yao, na kila dakika sauti ilitoka upande fulani wa shamba.

"Karani, andika! Mama Faith kikapu cha pili."

"Andika pia anaimba vibaya."

"Swali la kumi na moja, Karani: nani amekanyaga mguu wangu?"

"Wewe Karani, majani mawili na chipukizi! Hilo unalochuna ni la kulisha ng'ombe!"

Mama alitembea kati ya mistari na ufito wake kwa mkono wa kushoto, akiulaza juu ya michai kuangalia kama tunachuna kwa usawa. Alijaribu mara moja kuwashukuru. Mama Brian akamwambia, "Nyamaza, unatuchelewesha," na ikawa imekwisha. Githeri ililiwa, chai ikanywewa, hadithi za kanisani zikasimuliwa ambazo siwezi kuziandika hapa. Lori lilipofika kituoni sisi tulikuwa tumeshapanga vikapu. Karani wa kweli aliingiza mkono ndani ya majani yetu, akayapindua, akatikisa kichwa kukubali. Hakukataa hata kiganja kimoja.

Nilipotaka kumrudishia Mama Faith sufuria, ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa, aliisukuma. "Kaa nayo. Ukinirudishia leo tutakuwa sawa, na nyinyi watu mkiwa sawa mnanitisha."

Sasa nimekaa nafikiri.

Nilidhani deni ni kitu kibaya, kitu cha kumaliza haraka. Kitabu changu kinaonyesha hivyo: pande mbili zinalingana, mstari unachorwa chini, biashara imeisha. Lakini hapa mstari ukichorwa kinachoisha ni ujirani. Kikundi cha Mama kinaishi kwa sababu siku zote yuko mtu mwenye siku za kurudisha, na anazirudisha kwa kuzidisha kidogo au kupunguza kidogo, ili wasilingane kamwe. Bega la Mama likiumia haulizwi atarudisha lini. Siyo kwamba hawajui kuhesabu. Kila mmoja wao anajua vizuri kabisa nani amechuna wapi. Wanajua, na wanachagua kutosema.

Sijui hilo linaitwaje katika nadharia. Somo la Biashara peke yake halikunionyesha. Ilibidi nyanya yangu aongeze mila, Mama aongeze historia ya mwezi mmoja, na aibu yangu iongeze hiyo saikolojia. Nadhani ndiyo maana ya Madam Nyambura. Au pengine anajua mengi zaidi na ametuachia tuyafikie wenyewe. Nitamuuliza.

Sitaki pia kudanganya. Yule mtu wa kitabuni yupo. Nimemwona akizunguka kijiji kizima na rula, akitafuta faida yake, na faida yenyewe ilikuwa safari ya Kericho.

Nimeliondoa lile jedwali kwenye ripoti. Jioni hii Mama aliniuliza, "Sasa utawaambia nini hao walimu?" Nikamwambia nataka kusimulia yaliyotokea. Akafikiri, akasema, "Ni yako peke yako?"

Swali hilo bado linanisumbua. Wale wanawake walificha ukarimu wao ndani ya maneno mawili, na mimi nataka kuusimamisha mbele ya darasa. Hata hapa nimewapa majina ambayo si yao, na langu pia.

Kwa hiyo kesho baada ya ibada nitawasubiri nje ya kanisa na kuwauliza mmoja mmoja, kwa mdomo, kama naruhusiwa. Mama Faith nadhani atakubali, kwa masharti. Mama Brian sina hakika. Mmoja wao akikataa, nitaiacha sehemu yao yote, na Jumatatu nitasimama niwaeleze walimu kosa langu tu, mwanzo hadi mwisho. Pengine sitachaguliwa.

Kosa ni langu, na hilo naweza kulisimulia bila kumwomba mtu.