Mbuzi Zako Hazina Pembe

Ouma, omera, ndugu yangu,

Mimi ndugu yako mdogo. Hapa nyumbani tuko, lakini tunaangaliana kama watu wameibiwa kuku na mwizi bado ako mezani anakula.

Ni mbuzi zako. Tangu tukuzike, wale majike wachanga hawashiki mimba. Uhuru, lile dume ulinunua mwaka wa bendera mpya, anapanda, anapanda, hakuna kitu. Ule jike mweupe naye akaanza kupanda wenzake. Ananuka kama dume! Wazee wakasema hiyo ni dawa. Nani ameweka? Bibi yako. Eti Mama Atieno amefunga mbuzi matumbo kwa sababu hataki kurithiwa na mwanaume wa ukoo. Wanataka arudi kwao Ndhiwa, watoto wabaki.

Na mimi nilimshuku, sikufichi. Nilimfuata mpaka mtoni nione anachuma majani gani. Ilikuwa mboga. Akaniona kwa kichaka: "Shemeji, kama una njaa si useme?" Nikashuku jirani. Nikashuku yule mama anatuuzia chumvi. Ni mbwa tu sikumshuku.

Basi tukachinja ule mweupe. Mchinjaji akapasua, akaniita. Omera! Hakukuwa na kizazi ya maana. Ndani kabisa, makende madogo yamejificha kama watoto wa shule wanatoroka kulima. Mchinjaji akasema, "Huyu alizaliwa hivi. Nimepasua wengine kama huyu, na wote hawakuwa na pembe."

Nikakimbia kuangalia vichwa. Tasa wote, kipara. Mama yao kipara, Uhuru baba yao kipara. Lakini ule jike mmoja tulitoa Kendu Bay na pembe zake, binti zake wanazaa kama panya.

Sasa, nani alikuwa anapenda kipara? "Mwenye pembe atanitoboa mgongo nikimbeba sokoni kwa baiskeli." Si ni wewe? Wenye pembe uliwaswaga sokoni kwa miguu ukawamaliza, vichwa laini ukabakisha nyumbani vizaane. Ndugu yangu... ningekucheka mpaka jioni. Nilifika kwa kaburi nikashindwa kucheka.

Nikawaambia wazee hakuna uchawi, ni baiskeli ya marehemu. Unajua walisema nini? "Huyu naye ameshalishwa dawa." Sasa nikila kwa Mama Atieno wananichungulia kwa ua. Mimi nakula tu, naomba nyongeza.

Uhuru nimeuza. Nimeleta dume ya pembe ndefu, na nimeapa mbele yao: bibi yako hatoki hapa mpaka binti za huyu dume wazae. Hiyo ni mbali, na wazee wetu wanachoka haraka. Wakikosa kuchoka, mimi niko mlangoni.

Lala, omera. Ukisikia pembe zinakwaruza msalaba wako, usiamke kumfukuza. Ni shahidi wa bibi yako anajikuna.