Alivyousifu Mkate Ulioungua

Jumatano, Mfungo Nne

Mkate wa kumimina umeniungulia leo, na yule mama wa Pangani kausifu mpaka nikashtuka.

Marehemu mume wangu, aliyekuwa mpishi wa Mgiriki kule mashamba ya mkonge, ndiye aliyenifunza poka, mchezo wa karata wa Wazungu. Tulicheza kwa korosho. Akishika karata mbovu, alitamba. Akishika nzuri, alisifu chakula changu, hata kikiwa kimeungua. Hapo nilizitupa zangu chini, nikabaki na korosho zangu.

Yule mama ni bibi yake mjukuu wangu Zuhura upande wa baba. Mara mbili alikuja kumtaka mtoto, akafoka, nikamfukuza. Leo katulia, anatafuna makaa na kusifu.

Nikajua kashika karata nzuri, na karata hiyo ni baba yake Zuhura tu. Nikamwambia, "Mwanao karudi kutoka Mombasa."

"Dada! Nani kakwambia?"

Zuhura alikuwa mlangoni, kashika pindo la kanga yangu, macho chini. Nimemlea tangu binti yangu alipomzaa akafariki. Ningegombana, kwa kadhi wangemwuliza mtoto anamtaka nani. Angenionea huruma, akasema uongo kuwa ananitaka mimi.

"Nenda kwa baba yako, mke mwenzangu," nikamwambia. "Na nisikuone hapa mpaka unenepe!"

Akacheka, mshenzi yule. Halafu akanikumbatia kiunoni, hataki kuniachia.

Wameondoka kabla ya alasiri. Mtaa wetu mzima wa Ngamiani kimya, au masikio yangu tu.

Baada ya magharibi nimegawa karata za watu wawili, kwa mazoea, maana siku hizi nilikuwa nikicheza na Zuhura. Zake zimelala pale kifudifudi. Sijazigusa.